Mwaka Tuliokaa na Ng'oto Nashipae

Ng'oto Nashipae alizikwa Ijumaa iliyopita nyumbani kwake, kwenye mteremko ulio chini ya Kona Baridi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotupia udongo kaburini. Jamaa zake wengi hawanijui. Niliwasikia wakiulizana kwa sauti ya chini huyu mama Mluhya aliyeketishwa na wafiwa ni nani, na shemeji yake mmoja akawajibu kwa Kimaasai. Katika maneno yote aliyosema nilitambua moja tu, Kitengela. Lilitosha, maana walinisogezea kiti. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tuliokaa pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, yeye na mtoto wake, mimi na mume wangu na mtoto wetu. Niliuingia mwaka huo nikiwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa watoto wadogo aliyedhani anajua kusema na watoto. Sitaanza na kwetu wala na wazazi wangu. Nitaanza wodini, kwa sababu hapo ndipo nilipomkuta.

Binti yetu Nafula alikuwa na miaka saba alipoanguka kutoka kwenye ngazi za ghorofa tuliyopanga Kitengela, ngazi ambazo mwenye nyumba hakuwa ametia vyuma vya kushikilia. Uti wa mgongo uliumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena. Daktari alisimama upande wa miguu ya kitanda akatueleza taratibu, na mimi nikachukua katika maelezo yake yale maneno niliyoyataka, kwamba mtoto bado ni mdogo, kwamba mwili wa mtoto una nguvu. Mume wangu, Wycliffe, aliyachukua yote, lakini hakuniambia. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwetu kulikuwa na msichana mkubwa kidogo kuliko Nafula, jina lake Nashipae. Alikuwa amepanda pikapu iliyobeba mbuzi kuelekea soko la Kiserian, ikapinduka kwenye kona. Mama yake alipewa kiti lakini aliketi sakafuni, mgongo ukutani, shuka nyekundu imemfunika magoti, mkono mmoja juu kitandani. Mtoto alimwita yeyo, mama, na wauguzi walimwita Mama Nashipae. Mimi nilimsikia shemeji yake akimwita vivyo hivyo kwa Kimaasai, Ng'oto Nashipae, nikaliiga jina hilo siku ya kwanza nilipomsalimia. Alicheka kidogo kwa jinsi nilivyolitamka, akasogeza thermosi yake ya chai upande wangu.

Watu wengi hufikiri kwamba katika wodi kama ile wazazi hulia pamoja. Sisi hatukulia pamoja. Tulifanya kazi. Muuguzi alitufundisha jinsi ya kumgeuza mtoto ili asipate vidonda vya kulalia, jinsi ya kukagua ngozi ya mgongoni na visiginoni, jinsi ya kuingiza mpira wa mkojo bila kumuumiza, na alipoondoka tulifundishana tena, kwa sababu mimi nilikuwa namvuta mtoto mkono na Kiswahili chake kilikuwa cha shida. Alikuwa ananiambia, "Usivute. Sukuma. Kama unasukuma ndama aingie boma." Mimi sikuwahi kusukuma ndama, lakini nilielewa. Baada ya muda nilimgeuza Nashipae bila kuombwa na yeye akamgeuza Nafula, na mara nyingine nilirudi kutoka kununua maziwa nikakuta mtoto wangu ameoshwa, amechanwa nywele, amelazwa upande wa dirisha.

Siku ya kuruhusiwa kutoka ilikuwa na shida yake. Watoto wote wawili walitakiwa kurudi kila wiki kwa mazoezi, na nyumbani kwa Ng'oto Nashipae hakukuwa na namna ya kumpitisha mtoto asiyeweza kuketi katika barabara ile ya mawe kila wiki. Alinieleza hayo huku akikunja mashuka, kama anayezungumzia mvua. Mumewe alikuwa mzee aliyebaki na mifugo. Alikuja wodini mara moja, akamshika mtoto kichwa, akarudi. Wycliffe alinivuta kwenye korido. Yeye ni mtu wa maneno machache, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda fulani, na anapoamua jambo hulisema kana kwamba limeshafanyika. Akasema, "Waje kwetu. Hiyo nyumba ya chini tumehamia iko na nafasi." Nikamuuliza nafasi gani. "Ya kitanda kimoja," akasema.

Tulikuwa tumehama ghorofani Nafula akiwa bado wodini. Hii mpya ilikuwa nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba za kupanga, upande ambao Kitengela wakati huo ilikuwa bado inaishia kwenye nyasi. Sasa pale kuna maduka na kituo cha mafuta, na mtu akiniuliza nyumba yetu ilikuwa wapi nashindwa kumwonyesha. Kochi tulilitoa nje kwenye veranda, likakaa huko mwaka mzima likipigwa na vumbi la malori. Sebuleni tukaweka vitanda viwili, katikati tukaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama na kuwafikia watoto wote wawili bila kupiga hatua. Ng'oto Nashipae alilala kwenye godoro miguuni mwao. Jikoni kulikuwa na pazia badala ya mlango, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilisikika nikiwa kwenye jiko, na kila kilichochomeka jikoni kilijulikana sebuleni.

Tulijuana kwa chakula. Jioni ya kwanza nilipika omena, kwa kuwa ndicho chakula tulichokipenda kwetu, na nilitaka kumheshimu mgeni. Aliitazama sahani muda mrefu. "Hii ni nini, Mama Nafula?" Nikamwambia ni samaki. Akamchukua mmoja kwa vidole, akamgeuza huku na huku, akasema kwa upole, "Hii iko na macho," akamrudisha. Alikula ugali na sukuma wiki, na kuanzia siku hiyo nilipopika omena alichukua sahani yake akaenda kuketi kwenye kochi la veranda mpaka harufu iishe. Mimi nami sikuweza kunywa maziwa aliyoletewa na shemeji yake katika kibuyu, yenye harufu ya moshi wa mti waliokisafishia kibuyu hicho. Nafula alianza kwa kuyanywa akiwa ameziba pua, kisha akawa anayaulizia yanapochelewa. Baada ya miezi michache watoto walikuwa na lugha yao, nusu Kiswahili nusu Kimaasai, na maneno kadhaa ya Kibukusu, yote matusi, maana ndiyo tu Nafula aliyoyajua.

Wanawake wa kanisa letu walikuja kila Alhamisi. Waliomba vizuri, siwalaumu, na waliimba mpaka majirani wakasimama dirishani. Ng'oto Nashipae naye alikuwa Mkristo, alifumba macho na kusema amina. Mimi katika maombi yale nilikuwa nimejenga jambo langu. Nilimwambia Nafula kwamba Krismasi atakuwa anatembea. Nilimwambia nikimvalisha, nikimlisha, tukiwa katika mazoezi na yule mama wa mazoezi tuliyemwita Madam Wanza akikunja na kukunjua miguu yake ili isikakamae. Sikuona kama ni uongo, na hata leo siwezi kuuita hivyo. Nilikuwa nalisema kama mtu anayeendelea kupuliza moto uliozimika, kwa kuwa akiacha itabidi akubali baridi. Nafula aliitikia kila mara. "Ndiyo mama. Krismasi."

Siku moja mchana nilikuwa jikoni nachagua maharagwe. Ng'oto Nashipae alikuwa nje akifua, na watoto walidhani wako peke yao. Nilimsikia Nafula akiuliza, "Mama yako anasema utatembea lini?"

"Anasema sitatembea," Nashipae akajibu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Anasema nitaenda shule na kiti. Na nikiwa mkubwa nitakuwa na ng'ombe yangu, mtu atanichungia."

Nilikuwa nimeshika punje za maharagwe na sikuzitia mahali popote. Kisha Nafula akasema, "Yangu anasema Krismasi." Na baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayetunza siri ya mwingine, "Lakini usimwambie. Anapenda kusema hivyo."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ng'oto Nashipae alikuwa kwenye kamba akianika mashuka ya watoto, ambayo tulifua kila siku mwaka ule. Nilimuuliza kama ni kweli alimwambia mtoto wake kwamba hatatembea. Akasema ni kweli. Nikamuuliza kwa nini.

"Aliniuliza," akasema.

"Si ungemwambia tumngoje Mungu?"

Alibana mashuka kamba nzima kabla ya kunijibu. "Mungu iko. Leo asubuhi nimemwomba, wewe ulisikia. Lakini mtoto aliuliza mimi."

"Na sasa wako ameshamwambia wangu."

"Wako anajua, Mama Nafula. Anajua kutoka hospitali. Anaogopa wewe ndio utaanguka."

Niliingia ndani, na kwa siku kadhaa hatukuzungumza zaidi ya kupokezana sufuria. Ni vigumu kumnyamazia mtu katika nyumba ya vyumba viwili, hasa mtu ambaye huwezi kumgeuza mtoto wako vizuri bila yeye. Tulisimama kati ya vile vitanda, bega kwa bega, tukanyanyua na kusukuma. Nilifikiria kumwambia aondoke. Nilipanga hata maneno, maneno ya adabu, kwamba nyumba ni ndogo na watu wa kwetu wanakuja. Wakati huohuo Nafula alianza kugeukia ukuta. Alikataa mazoezi, akala vijiko viwili vitatu na kusema ameshiba, na Madam Wanza alipomshika mguu alisema, "Wacha tu, Madam." Nadhani alikuwa amechoka kutubebea Krismasi ile.

Wycliffe ndiye aliyevunja kimya. Tulikuwa tunakula, yeye akiwa kwenye ukingo wa kitanda cha Nafula, mimi kwenye kigoda, Ng'oto Nashipae kwenye godoro lake. Watoto walikuwa wamesinzia baada ya kuoshwa. Aliweka sahani chini akamuuliza, bila kunitazama, "Mama Nashipae, ulimwambiaje mtoto?"

Alifikiri kwanza. Alisema alingoja mpaka mtoto aulize mwenyewe. Alisema alilala kando yake kitandani ili wasitazamane kama watu wa kesi. "Nikamwambia, hii mguu hairudi. Nikanyamaza. Akalia, nikanyamaza. Hapo ndio ngumu. Watu wanasema kitu kama hiyo halafu wanaenda kuchota maji. Wewe usiende. Hata ukisikia mkojo, usiende."

Wycliffe akacheka, kisha akafunika uso kwa mkono, na nikajua kwamba hakuwa anacheka tena. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu wodini alikuwa na maelezo yote ya daktari kifuani, na alikuwa ameyabeba peke yake kwa ajili yangu, kama vile Nafula alivyokuwa anafanya. Watu wawili ninaowapenda kuliko wote walikuwa wakinilinda na jambo ambalo kila mmoja wao alilijua.

Jumapili baada ya ibada Ng'oto Nashipae alimketisha Nashipae kwenye kiti cha magurudumu, akasema wanaenda kuangalia mbuzi wa watu kule kwenye nyasi. Alimfunika shuka, akamsukuma hadi nje, akafunga mlango. Tukabaki watatu. Nililala upande mmoja wa Nafula na baba yake akaketi upande wa pili. Nilikuwa nimejiandaa kungoja aulize, na nilidhani nitangoja sana.

"Mama," akasema, "Krismasi nisipotembea, utalia?"

"Nitalia kidogo."

"Halafu?"

"Halafu nitapika."

Aliutazama ukuta, akatazama dari. "Kwa hivyo sitatembea."

Nilisema, "Hapana, mami. Hutatembea." Maneno hayo yalitoka kwa sauti ya kawaida, na hilo lilinishangaza, kwa sababu nilidhani nikiyasema nitakufa. Nafula alilia, lakini si kama alivyolia alipoanguka. Kilikuwa kilio cha chini, cha mtu aliyeweka mzigo chini na sasa anahisi mabega. Mimi sikuenda kuchota maji. Baba yake naye alilia waziwazi, na mtoto alivuta pembe ya shuka akampangusa uso, akimkemea kidogo kwamba ananyeshea mto. Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia dirisha la pili. Kisha akaniuliza, "Na choo ya shule? Nitaingiaje?" Nikamwambia sijui, lakini tutaenda kuiangalia. Jioni ile alikula ugali wote, na omena juu yake, na Ng'oto Nashipae akaenda kukaa kwenye veranda kama kawaida. Nilimfuata huko na kikombe cha chai. Nikakaa kando yake kwenye kochi. Hatukuzungumzia jambo lile hata kidogo. Tulizungumzia mbuzi alioenda kuwaona, ambao kwa maoni yake walikuwa wametunzwa vibaya.

Madam Wanza aliona tofauti wiki iliyofuata. Hakuuliza sana, lakini baada ya muda alinipigia simu akasema kuna baba mmoja anaishi hapohapo Kitengela, je, anaweza kumtuma kwetu. Jina lake lilikuwa Mutua, mwashi, mtu wa Ukambani. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la mchanga na alikuwa bado wodini. Mutua alikuja akaketi kwenye kochi la veranda, kofia juu ya goti, akakataa kuingia ndani. Ng'oto Nashipae alimpa chai. Alikunywa yote kabla ya kusema kwamba mkewe huenda wodini kila siku, lakini yeye humfikisha mpaka kwenye lango la hospitali na kugeuka.

"Nikiingia ataniuliza," alisema. "Huyo kijana ananiuliza mimi kila kitu. Hata bei ya simiti ananiuliza. Sasa nitamwambia nini?"

Nilimgeukia Ng'oto Nashipae ili ajibu. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Alichukua kikombe cha Mutua, akainuka, akaingia ndani, akaniacha naye. Basi nikasema. Sikumbuki yote niliyomwambia, najua tu kwamba nilimwambia asizungumze akiwa amesimama, aketi au alale, na kwamba akishasema asiondoke. Nilimwambia pia kwamba kijana wake yamkini anajua tayari na anangoja mtu wa kujua naye. Mutua alisikiliza akikunja na kukunjua kofia. Alipomaliza kusikiliza aliuliza kama anaweza kuonyeshwa jinsi ya kumgeuza mtoto, kwa sababu mkewe alikuwa ameumia mgongo kwa kumnyanyua. Tukaingia. Nilimuuliza Nafula kama mzee huyu anaweza kujifunza kwake. Nafula alimkagua kutoka kichwani mpaka miguuni, akakubali, na akamwelekeza mwenyewe, kwa sauti ambayo ningeijua popote: "Usivute mkono. Sukuma. Kama ndama." Mikono ya Mutua ilikuwa mipana, imepasukapasuka kwa simiti. Alimgeuza. Akarudia. Kesho yake mkewe alinipigia simu kuniambia kwamba Mutua ameingia wodini, na hakutoka mpaka walinzi walipomwomba.

Baada yake wakaja wengine. Hatukuwa chama, hatukuwa na jina. Jumamosi mchana palikuwa na wazazi wawili, watatu, mara nyingine mama peke yake ambaye alilala usingizi kwenye kochi muda wote sisi tukimtunzia mtoto, akaamka, akashukuru, akaenda. Nikiwa jikoni, kwa kuwasikiliza watu wa sebuleni, nilijifunza kutambua nani amemwambia mtoto wake na nani bado. Wale ambao bado waliongea kwa sauti ya juu mno.

Mwisho wa mwaka ule shule ya karibu na nyumbani kwao ilikubali kumpokea Nashipae. Mutua alienda huko na mwanafunzi wake wa kazi, akajenga njia ya mteremko mlangoni mwa darasa na nyingine chooni. Siku ya kuondoka, Ng'oto Nashipae alifagia nyumba yote, hata chini ya kitanda chetu, kisha akasimama kati ya vile vitanda viwili na kumgeuza Nafula kwa mara ya mwisho, ingawa hakuhitaji kugeuzwa. Alinishukuru kwa lugha yake, "Ashe, Mama Nafula." Kitanda kilipotolewa, sebule ilionekana kubwa kupita kiasi. Hatukurudisha kochi ndani. Wazazi walikuwa wameizoea veranda.

Nafula sasa ni mhasibu, na ndiye aliyenipeleka mazishini, akiendesha gari lake ambalo breki na mafuta huendeshwa kwa mkono, si kwa mguu. Baada ya watu kutawanyika tuliketi na Nashipae chumbani mwa mama yake. Ana duka la simu Kiserian, ana mume na watoto wawili, na ana sauti ileile ya kutoficha kitu. Nilimwambia kwamba mama yake alinifundisha kusema kweli, na kwamba nimewafundisha wazazi wengi maneno yake. Alinisikiliza, akatabasamu, akazifunika vizuri nguo za marehemu zilizokuwa zimekunjwa kitandani.

"Unajua alikuwa ananipaka mafuta miguu mpaka wiki alilazwa?" akasema. "Kila asubuhi. Alikuwa anakuja dukani kama sijakuja kwake. Akimaliza anafinya kidole kikubwa, ananiuliza kama nasikia."

"Hata ulipokuwa mtu mzima?"

"Hata baada ya kuzaa."

Sikuelewa. "Lakini yeye ndiye aliyekuambia hapana," nikasema. "Alikuambia kabla ya yeyote kati yetu kumwambia wake."

"Aliniambia mara moja," Nashipae akasema. "Halafu akauliza maisha yake yote."

Nafula, aliyekuwa karibu na mlango, alikisogeza kiti chake mpaka magurudumu yao yakagusana. Ndiye aliyeuliza. "Na wewe ulikuwa unamjibu nini?"

"Nilikuwa namwambia, bado, yeyo."